Mitufaha Mitatu ya Bibi Mwaija

Kila siku alasiri, mara tu baada ya kurejea kutoka madrasa, Khairat alitundika mtandio wake msumarini, akachukua ndoo mbili ndogo za buluu, akatoka kwa mlango wa uani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita katika mji wa Bagamoyo. Safari yake haikuwa ndefu. Alipita nyuma ya karakana ya baba yake, Bwana Saleh, fundi wa kuchonga milango, akakata uchochoro mmoja, kisha akabisha hodi kwa Bi Dija. Huko kulikuwa na bomba la maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Nyumbani kwao Khairat kilikuwapo kisima, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi. Yalifaa kwa kufulia, kuoshea vyombo na kunawa, wala hapana aliyeyanywa.

Maji ya ndoo zile mbili hayakuwa ya kunywa wala ya kupikia. Yalikuwa ya miti mitatu iliyopandwa uani, karibu na ukuta wa jiko.

Miti yenyewe haikuwa mitofaa ya pwani, ambayo kila mtoto wa Bagamoyo anaijua kwa matunda yake laini yenye majimaji. Ilikuwa mitufaha, miti ya nchi za baridi, ambayo matunda yake huletwa sokoni kutoka mbali. Mama yake Khairat, Bibi Mwaija, aliinunua ikiwa miche katika bustani ya Bwana Mikdad, kando ya barabara pale Kerege. Mikdad alimwambia kuwa aina ile huvumilia joto, ila inataka matunzo. Majirani walipoiona walicheka.

"Mwaija, umekosa minazi ya kupanda?" aliuliza mmoja wao. "Kesho utatupandia barafu!"

"Mimi natia mkono," alijibu Mwaija huku akifukia shina, "baraka hutia Mola."

Miche ile ikashika. Mwaka wa pili ikamfikia Khairat kifuani, na tawi moja likatoa maua meupe yenye wekundu kidogo, machache, ya kuhesabika kwa vidole. Siku hiyo Mwaija alimwita binti yake, wakachuchumaa pamoja mbele ya maua.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Miti hii nimeinuia sadaka. Tumefundishwa kwamba apandaye mti, kisha akala tunda lake mtu au ndege au mnyama, huandikiwa thawabu, hata akiwa kaburini. Basi mimi nikiondoka, uiangalie. Na mtufaha hauelewani na chumvi. Usiupe maji ya kisima hata siku moja. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Maneno hayo aliyasema akiwa mzima, akicheka. Mwezi wa Novemba akashikwa na maradhi ya siku chache, na siku ya Ijumaa akafariki dunia. Bi Dija, rafiki yake tangu walipokuwa watoto wa madrasa, ndiye aliyemwosha na kumvika sanda. Nyumba ikabaki na Bwana Saleh na Khairat. Baada ya matanga, Bi Sabiha, dada yake Saleh, alihamia kutoka Mbegani ili awapikie na kuwatunza.

Khairat akaendelea kuteka maji kama alivyoagizwa. Lakini ikawa kila Bi Dija anapofungua mlango, humshika kidevu mtoto yule, akamtazama, machozi yakamlengalenga.

"Macho haya ni ya Mwaija," husema. "Subhanallah, hata unavyosimama ni Mwaija mtupu."

Hapo Bi Dija hulia, na Khairat naye hulia. Akirudi nyumbani ndoo zimejaa, na kifua chake kimejaa zaidi. Kwa Bi Dija huzuni ile ilikuwa kama dawa, kila akilia akapata nafuu. Kwa Khairat ilikuwa kidonda kinachofunguliwa kila siku alasiri kwa saa ile ile.

Siku moja mwezi wa Disemba alifika mlangoni, akainua mkono ili abishe. Kutoka ndani akasikia Bi Dija anasoma Yasini kwa sauti ya kilio, na katikati ya kisomo akalitaja jina la Mwaija. Mkono wa Khairat ukashuka. Alirudi polepole mpaka uani kwao, akakitazama kisima, akatazama nyuma, kisha akatumbukiza ndoo.

"Leo tu," alijiambia.

Kesho yake alijiambia vivyo hivyo, na keshokutwa, mpaka akaacha kujiambia chochote.

"Umeshaimwagilia miti ya mama yako?" baba yake alimuuliza siku moja huku akipangusa vumbi la mbao kifuani.

"Nimeshamwagilia, baba."

"Kwa maji ya Bi Dija?"

"Naam, baba."

Bwana Saleh alitikisa kichwa kwa kuridhika. Tangu afiwe na mkewe, jibu lile lilikuwa miongoni mwa mambo machache yaliyompa utulivu.

Mwezi wa Januari, jua likiwa kali na kisima kimepungua, Bi Dija alikuja kuwajulia hali. Alileta sahani ya vitumbua, maana kupika vitumbua ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alipofika uani akaiona mitufaha, akashika mdomo.

"Lo! Miti ya Mwaija! Imekuwa kama maharusi!" alisema, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Bi Sabiha alikuwa akichagua mchele. Akaweka ungo chini. "Sema mashallah, Dija."

Bi Dija hakumsikia. Alikuwa amemgeukia Khairat, anamtazama kama mtu mwenye swali. Khairat akainamisha uso. Bi Dija akafungua mdomo, akaufunga, kisha akauliza tu:

"U mzima, mwanangu?"

"Mzima, Bi Dija. Shikamoo."

"Marahaba."

Akaaga, akaenda zake.

Haikupita wiki, kingo za majani ya mitufaha zikaanza kugeuka rangi ya kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Kisha majani yakajikunja. Kisha yakaanza kudondoka.

"Nilisema mimi!" alipiga kelele Bi Sabiha. "Kasifu bila mashallah! Jicho hilo, kaka, jicho la Dija hilo!"

"Dada, jicho ni haki, lakini na kumdhania mtu vibaya ni dhambi," alijibu Saleh. "Usimtaje mtu kwa jambo usiloliona."

Bi Sabiha alifukiza ubani kuzunguka miti, akakaa kimya mbele ya kaka yake. Lakini mbele ya wanawake wenzake hakukaa kimya. Neno lilitoka uani, likafika uchochoroni, likafika gengeni, na mwisho likafika shuleni. Wakati wa mapumziko Khairat alitoa pesa ili anunue vitumbua kwa Bi Dija, aliyekuwa amekaa nje ya lango kama kawaida yake. Rafiki yake Najma akamvuta mkono.

"Wewe, huogopi? Mama kanikataza. Anasema ukila vitumbua vya yule utakauka kama mitufaha yenu."

"Nani kakwambia?"

"Shangazi yako mwenyewe! Si ndiye aliyesema?" Najma akacheka. "Tazama, hata ndoo yake leo imejaa vilevile. Hanunui mtu."

Watoto wawili wengine wakaitikia kwa pamoja, "Kijicho! Kijicho!" Bi Dija alikuwa akiwasikia. Alifunika vitumbua vyake kwa kitambaa cheupe, akakaa ametazama barabarani.

Khairat alijua kisa cha majani yale. Kila jioni alipokuwa akimimina maji ya kisima aliona udongo ukikauka na kuacha ukoko mweupe. Mara kadhaa alishika njia ya uchochoro na ndoo zake. Lakini sasa mlango wa Bi Dija ulikuwa mzito mara mbili, kwa sababu ya kilio kilichokuwa nyuma yake, na kwa sababu ya swali alilolijua kuwa litaulizwa. Akirudi, hurudi kisimani.

Bwana Saleh hakuweza kustahimili. Alimpigia simu Bwana Mikdad, naye akaja kutoka Kerege kwa pikipiki, mtu mwembamba mwenye mikono ya udongo. Alivunja kijiti kimoja, akakitazama ndani. Akapiga magoti. Akakwangua udongo kwa ukucha, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi," alisema.

"Chumvi?" Saleh alishangaa. "Bwana Mikdad, miti hii haijapata kunywa maji ya kisima. Marehemu aliusia hivyo."

"Nani anayeimwagilia?"

"Binti yangu huyu."

Mikdad akamgeukia Khairat, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, maji unateka wapi?"

Baba alikuwa akimtazama. Shangazi alikuwa akimtazama. Kisima kilikuwa nyuma yake, hatua kumi tu, kamba yake bado ina maji.

"Kwa Bi Dija," alisema Khairat.

Bi Sabiha alipiga makofi. "Haya! Mnasikia? Kumbe si jicho peke yake! Maji yenyewe katia chumvi!"

"Mimi najua miti, bibi, siwajui watu," alisema Mikdad, akinyanyuka na kukung'uta magoti. "Ninachojua ni kwamba chumvi hii si ya siku moja. Imemiminwa siku nyingi, kidogo kidogo. Miti miwili imeshakufa. Huu wa tatu siahidi kitu."

Bwana Saleh alisimama pale muda mrefu, ameshika jani lililokauka. Mwisho alisema, "Twende tukamuulize. Kwa heshima. Khairat, na wewe njoo."

Bi Dija aliwapokea kwa bashasha, akatandika mkeka, akataka kuwapikia chai. Saleh akakataa kukaa. Alieleza jambo lote kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kukosea.

"Labda bomba lako limeharibika, Bi Dija," alimalizia. "Labda limeingia maji ya chumvi nawe huna habari."

Bi Dija alimtazama Khairat, aliyejificha nyuma ya baba yake na kushika kanzu yake kama mtoto wa miaka minne. Alimtazama kwa muda. Bomba lilikuwa pale pale uani kwake, linadondosha tone moja moja kwenye beseni. Angeweza kuchota kikombe na kusema, onjeni.

"Huenda," alisema. "Mabomba haya ni ya zamani. Kama maji ya kwangu ndiyo yaliyoiua miti ya Mwaija, basi nisameheni. Mungu ndiye mjuzi."

"Na ulikuwa ukiyanywa wewe mwenyewe usijue?" alifoka Bi Sabiha. "Ungalituambia! Mwenzio kaacha sadaka, wewe unaimwagia chumvi!"

"Sabiha, basi," alisema Saleh.

Lakini macho yake yalikuwa yamebadilika. Alitaka Bi Dija akane, na Bi Dija hakukana. Njia nzima ya kurudi nyumbani Khairat, aliyemfuata baba yake nyuma, alihisi kama ulimi wake umekuwa wa mtu mwingine.

Kwa watu wa pwani, mwezi wa Shaaban ni mwezi wa kuwakumbuka marehemu kabla ya kuingia Ramadhani. Bwana Saleh alifanya hitima ya mkewe. Wanaume walisoma msikitini, wanawake wakasoma uani, mikeka imetandikwa mpaka karibu na mitufaha iliyokuwa sasa vijiti vitupu. Pilau ilikuwa ikipakuliwa kwenye masinia pale Bi Dija alipoingia.

Hakualikwa. Alikuja kwa kuwa yeye ndiye aliyemwosha Mwaija, na hakuona namna ya kukaa nyumbani kwake huku Mwaija anasomewa hatua chache kutoka hapo. Akatoa salamu. Waliitikia wachache. Alitafuta nafasi mkekani, na kila alipoelekea, kanga zilivutwa na magoti yakapanuka.

"Hapa pana mtu," alisema mmoja.

"Na hapa pia."

Bi Dija akarudi nyuma, akakaa kizingitini, penye viatu.

Khairat na Najma walikuwa wamepewa kazi ya kuwanawisha wageni. Najma alishika beseni na taulo, Khairat alishika birika. Walipita sinia hadi sinia, wanawake wakinyoosha mikono, maji yakimwagika. Walipofika mwisho wa mikeka Najma alinong'ona, "Yule tumruke."

"Hatumruki," alisema Khairat.

Wakaenda kizingitini. Bi Dija akanyoosha mikono yake juu ya beseni. Ilikuwa mikono mikavu yenye alama ndogo ndogo za kuungua mafuta. Khairat akaitazama, na kwa mara ya kwanza likamjia wazo ambalo siku zote alilikimbia, kwamba mikono hii ndiyo iliyokuwa ya mwisho kumshika mama yake, na kwamba ilimshika kwa upole. Akainua birika. Lakini hakuliinamisha.

"Mimina, mwanangu," alisema Bi Dija kwa sauti ndogo. "Usiogope."

"Maji haya ni ya kisima," Khairat alinong'ona.

"Najua."

"Na ya miti pia yalikuwa ya kisima."

"Hilo nalo nalijua, mwanangu. Bomba ni langu. Nitakosaje kumjua anayekuja na asiyekuja?"

"Sasa mbona hukusema?"

Bi Dija alimtazama kwa macho yaliyochoka. "Umefiwa na mama. Nikaona usiongezewe na aibu. Nikasema huu mzigo nikubebee mimi, mimi ni mtu mzima."

Birika lilimponyoka Khairat, likagonga sakafu, maji yakatapakaa kwenye viatu vya watu.

"Nini tena?" aliuliza Bi Sabiha kutoka kwenye sufuria.

Khairat akageuka. Wanawake wote walikuwa wakimtazama. Alitaka kulia kwanza, lakini alihofu kwamba akianza kulia hatasema, nao watamwonea huruma, na Bi Dija atabaki pale kwenye viatu.

"Ni mimi," alisema. "Miti nimeiua mimi. Nilikuwa nateka hapa kisimani tangu Disemba. Kwa Bi Dija siendi. Nimemwambia baba uongo, nimemwambia Bwana Mikdad uongo. Bi Dija hana jicho. Hakutia chumvi. Alijua kuwa ni mimi, akanyamaza ili nisiadhirike."

Hapo ndipo kilio kilipomshika, akaanguka mapajani mwa Bi Dija.

Bibi mmoja mzee akavuta tasbihi yake, akasema, "Astaghfirullah." Mwingine aliyesema "hapa pana mtu" akajifunika uso kwa kanga. Bi Sabiha alikuwa bado ameshika upawa. Alimtazama mtoto wa kaka yake, akamtazama Dija, akauweka upawa chini. Alitembea polepole katikati ya mikeka mpaka kizingitini, akavisogeza viatu kwa mguu, akakaa chini kando ya Bi Dija.

"Dija," alisema, na midomo ikamcheza. "Nimekusengenya na kula nyama yako mtaa mzima. Nitaanzia wapi kukutaka radhi?"

"Anza kwa kuleta sinia," alijibu Bi Dija. "Njaa inaniuma."

Wakaletewa sinia pale pale kwenye viatu, wakala watatu, na Bi Sabiha alishindwa kumeza tonge la kwanza.

Jioni Bwana Saleh aliporudi kutoka msikitini akaelezwa yote. Hakumchapa Khairat. Lau angalimchapa, ingalikuwa nafuu. Aliingia karakana, akashika randa, akaipitisha juu ya ubao mara mbili, akaiweka.

"Miti ni miti," alisema bila kumtazama. "Mimi kinachoniuma si miti. Uliniacha niende kumdhalilisha mwanamke aliyemwosha mama yako. Nilisimama mlangoni pake, nawe umeshika kanzu yangu, ukaniacha."

"Nisamehe, baba. Sikuweza kwenda kule. Kila nikienda analia, nami nalia. Nilikuwa nachoka kulia, baba."

Saleh aligeuka. Aliketi juu ya gogo, akafunika uso kwa viganja vyake, na Khairat akaona mabega ya baba yake yanatikisika. Hakuwahi kumwona analia, hata siku ya mazishi.

"Ungeniambia hilo," alisema hatimaye. "Ningekwenda kuteka mimi. Ndoo mbili, Khairat. Ningeteka mimi."

Kesho yake Bwana Mikdad aliitwa tena. Aliwaelekeza waondoe udongo wa juu wenye ukoko, kisha wamimine maji baridi mengi, ndoo baada ya ndoo, ili chumvi isukumwe chini, mbali na mizizi. Khairat aliteka kwa Bi Dija tangu asubuhi hadi adhuhuri, na Bi Dija akateka naye, na Bi Sabiha pia, wakipishana uchochoroni. Najma akaja bila kuitwa, amebeba ndoo ya kwao. Miti miwili iling'olewa. Mizizi yake ilitoka bila kushindana, kama uzi unaovutwa kwenye nguo iliyooza. Wa tatu ukaachwa ulivyo, kijiti kikavu.

Ramadhani ikaingia na kutoka. Mvua za masika zikaanza. Asubuhi moja baada ya Idi, Khairat aliona kitu cha kijani kwenye shina la ule mti wa tatu. Alipiga kelele mpaka baba yake akatoka na patasi mkononi. Alipokuja Mikdad, alichuchumaa, akatazama kwa makini. Uso wake haukufurahi kama walivyotarajia.

"Tazameni hapa," alisema, akionyesha kifundo kwenye shina, shubiri moja juu ya ardhi. "Mche huu nilibebesha. Chini ni mtufaha wa mwitu, una mizizi imara. Juu nilifunga kijiti cha mtufaha mtamu, mpaka vikashikana. Chipukizi hili limetoka chini ya kifundo. Ule wa juu, alioupenda marehemu, umekufa."

"Kwa hiyo si mti wa mama?" aliuliza Khairat.

"Mizizi ni ile aliyoipanda. Tunda halitakuwa lile. Chipukizi likinenepa, nitakuja kubebesha kijiti kingine, na Mungu akipenda utazaa. Lakini siwezi kukwambia kuwa ni ule ule."

Khairat alilia pale pale, mbele ya watu wote, wala hakujificha. Bi Dija alikuwapo. Safari hii hakulia naye. Alimshika bega tu.

"Baba," alisema Khairat, "mama alisema miti ni sadaka yake. Maua yalidondoka, hakuna aliyekula tunda hata moja. Nimemkatia mama thawabu zake?"

Swali lile ndilo lililokuwa likimnyima usingizi miezi yote ile. Bwana Saleh alipiga magoti kwenye udongo uliolowana, akawa sawa na uso wa binti yake.

"Sikiliza," alisema. "Mola hapotezi malipo ya mtenda wema. Mama yako alinuia, akapanda, akatunza. Nyuki walikula kwenye maua yale machache, niliwaona kwa macho yangu. Hilo limekwisha kuandikwa, wala hakuna chumvi inayofuta. Kwa hiyo usilie kwa ajili ya thawabu za mama yako. Ziko salama kuliko mimi na wewe."

Akalitengeneza tope kuzunguka shina kwa kiganja chake.

"Lakini na hili ulijue, kwa kuwa sitaki kukudanganya. Uliposema 'kwa Bi Dija', ulisema maneno matatu tu. Hayo matatu yalimtoa mtu mwema mkekani, yakanitia mimi katika dhambi ya kumdhania, yakamzidishia shangazi yako kusengenya. Uliposema kweli, mti haukufufuka, na uliona mwenyewe. Kweli ikichelewa hairudishi kila kitu. Ila iliturudishia Bi Dija. Ingalikuja Disemba, ingaliturudishia na miti. Basi siku nyingine jambo likikushinda, iwe ni kazi, iwe ni huzuni, useme limekushinda. Kushindwa hakuna aibu. Mzigo unaoficha huwa unamwangukia mtu mwingine."

"Na mimi nilikosa," alisema Bi Dija. "Nilidhani nakuficha na aibu, kumbe nilikuacha peke yako nayo. Nilipaswa kukushika mkono siku ya kwanza usiyokuja, nikuulize."

Khairat alijifuta uso kwa mkono wenye tope, ukabaki mstari shavuni. Alilitazama chipukizi lile, majani mawili madogo, si ya mti alioujua. Mama yake hakuwahi kuliona, wala hangeliona.

Kisha akasimama, akatafuta ndoo.